Maswali ya wasomaji: Udongo umejaa chuma, mbona maharagwe yangu ni ya manjano?

Barua za safari hii karibu zote zinaulizia kitu kimoja, bakteria wa udongo. Nadhani ni kwa sababu paketi zao sasa unazikuta kwenye maduka ya pembejeo mpaka trading senta za ndani kabisa, na kila muuzaji ana maelezo yake, mmoja anasema zinaleta mbolea, mwingine anasema zinaleta chuma, mwingine zinaua magonjwa, mkulima anabaki ameshika paketi hajui afanye nini nayo. Nimechagua barua chache. Majina nimeyaacha, nimebakiza mahali tu, na zile ndefu sana nimezifupisha, mnisamehe.

MKULIMA WA LUWEERO: Habari mwalimu. Nina maharagwe nyuma ya nyumba, yamekuwa manjano, tena yameanza na majani ya juu yale machanga, mishipa ya jani imebaki kijani kabisa lakini katikati ya mishipa ni manjano karibu kuwa nyeupe. Jirani kaniambia ni ukosefu wa chuma. Dukani wakaniambia ninunue bakteria, eti wanaleta chuma. Mimi sielewi, udongo wetu ni mwekundu na shuleni tulifundishwa kwamba ule wekundu ni chuma, sasa kinakosekanaje? Shamba la chini nimepanda mbegu hiyohiyo na ni kijani tu. Huku nyuma ndo tunamwaga jivu la jikoni miaka mingi, tunajua jivu ni mbolea.

JIBU: Kaka, ulichofundishwa shuleni ni kweli na jirani yako pia hajakosea. Chuma ni kama asilimia 5 ya ganda la dunia na udongo wetu mwekundu una chuma kuliko sehemu nyingi. Lakini chuma hicho kimeshikana na oksijeni, yaani ni kutu, na kutu haiyeyuki kirahisi kwenye maji, na mzizi hauwezi kunywa kitu ambacho hakijayeyuka. Kinachoamua chuma kiyeyuke kiasi gani ni uchachu wa udongo, unapimwa kwa namba wanayoita pH, namba ikipanda uchachu unapungua. Udongo ukiwa mchachu kidogo, tuseme pH 5.5 mpaka 6.5, maharagwe yanapata chuma bila shida. Ikipanda zaidi ya hapo mambo yanabadilika haraka sana, manake kila pH inapopanda kwa namba moja, chuma kinachoweza kuyeyuka toka kwenye ile kutu kinapungua karibu mara 1000. Elfu moja kaka, sio mara mbili.

Sasa jivu ni alkali kali, yaani kinyume cha asidi. Miaka yote hiyo mmemwaga sehemu moja, pH ya hapo nyuma ya nyumba imepanda, shamba la chini halijapata jivu ndo maana limebaki kijani. Chuma kiko palepale kwenye udongo wako wa nyuma, hakijaenda popote, kimefungwa tu.

Na usifikiri mmea unakaa tu unangoja. Maharagwe, soya, njugu, nyanya na wenzao wakihisi chuma kimepungua mizizi inatoa asidi kuchachusha ule udongo unaoigusa, alafu kwenye ngozi ya mzizi kuna kimeng'enya kinachobadilisha chuma kutoka hali ya kutu kwenda hali inayoyeyuka, ndo kinaingia ndani. Jamii ya nyasi, yaani mahindi, mtama, wimbi, wana njia yao tofauti, wanatoa molekuli za kunasa chuma huko nje alafu wanavuta vyote pamoja, chuma na kile kilichokinasa. Kwako shida ni kwamba asidi ndogo ya maharagwe inamalizwa na jivu kabla haijafanya kazi.

Hapa ndo bakteria wanaingia. Mizizi huwa inavujisha sukari na vitu vingine kwenye udongo, na kwa sababu hiyo bakteria wanajazana karibu na mzizi kuliko mahali pengine pote, gramu moja tu ya udongo wa hapo inaweza kuwa na mamia ya mamilioni yao. Na wao pia wanahitaji chuma ili waishi. Kwa hivo wengi wao wanatengeneza siderofo, ni molekuli ndogo wanazozitoa nje zinazokamata chuma kwa nguvu sana hata pale kilipo kidogo, kisha wanazirudisha ndani na mzigo wake. Kuna jamii inaitwa Pseudomonas, siderofo yake ina rangi ya manjano na kijani na ukiimulika kwa taa ya urujuanimno inang'aa. Baadhi ya mimea inaweza kuchukua chuma kutoka kwenye hizo siderofo. Bakteria wengine wanatoa asidi inayosaidia ile ya mzizi. Na kuna jambo moja linalonifurahisha sana, mwaka 2009 watafiti wa Marekani walitoa matokeo kuhusu bakteria anaitwa Bacillus subtilis, aina ya GB03, wakaonyesha kwamba hewa anayoitoa peke yake, bila hata kugusa mmea, inaufanya mmea uwashe ile mitambo yake ya kutafuta chuma, ukanyonya chuma zaidi na majani yakawa kijani zaidi. Ule ulikuwa mmea mdogo wa maabara, sio maharagwe ya Luweero, lakini inaonyesha hao viumbe na mizizi wanasikilizana kwa kiasi gani.

Sasa tuje kwenye paketi. Kabla hujatoa pesa soma imeandikwa nini. Paketi zinazojulikana zaidi kwetu ni za rizobia, na kazi ya rizobia ni kuupa mmea nitrojeni ya hewani, sio chuma. Ni bakteria wazuri sana nitawasifia hapa chini, lakini hawatakuondolea manjano yaliyoletwa na jivu. Hata ukipata zile za Bacillus au Pseudomonas, ukiwaweka kwenye udongo uliojaa jivu na usio na samadi wala mboji ya kula, watahangaika na wengi watakufa, pesa yako imeenda.

Mimi ningeanza hivi. Kwanza simamisha jivu hapo nyuma leo hii. Jivu ni kitu kizuri, lina potasiamu, litawanye kidogo kidogo kwenye shamba kubwa lenye udongo mchachu au chini ya migomba. Pili changanya mboji iliyoiva vizuri kwenye hicho kipande, debe na debe, kwa sababu mboji inalisha bakteria waliopo tayari, na asidi zake zenyewe zinashika chuma kisirudi kuwa kutu. Tatu kama unataka kuokoa maharagwe ya sasa, tafuta salfeti ya chuma, gramu 5 kwa lita moja ya maji, nyunyiza jioni jua likishapoa, jaribu kwanza mimea michache uone kama majani hayaungui. Hiyo inasaidia majani yaliyopo, mapya yanaweza kutoka manjano tena, utarudia. Na kama una uwezo peleka udongo ukapimwe pH, maabara za utafiti wa kilimo za Kawanda wanapima na Makerere pia. Chukua udongo wa nyuma na wa chini, mifuko miwili tofauti, usichanganye.

Na wengine mnaosoma hapa msikimbilie kusema chuma kila mkiona manjano. Manjano yakianza majani ya chini, ya zamani, jani zima bila mishipa kubaki kijani, hiyo mara nyingi ni nitrojeni. Yakianza majani ya zamani lakini mishipa ikabaki kijani, fikiria magnesiamu. Chuma kinaanzia majani machanga ya juu, kwa sababu kikishakaa kwenye jani la zamani mmea hauwezi kukihamisha kirahisi kwenda kwenye jipya. Udongo mwingi wa Uganda ni mchachu, ukosefu wa chuma kwa mimea sio kitu cha kila shamba, unaukuta pale penye jivu, chokaa iliyozidi, au sehemu zenye udongo wa chumvichumvi.

MAMA WA SOYA, LIRA: Mwalimu, msimu uliopita nilinunua ile paketi nyeusi ya bakteria wa soya, nikachanganya na mbegu, nikapanda. Sijaona tofauti hata kidogo na pale ambapo sikuweka. Ni uongo? Na iliyobaki naweza kuweka kwenye mahindi?

JIBU: Mama, sio uongo, na soya ndo zao ambalo mimi ningeweka bakteria kabla ya mengine yote. Maharagwe na njugu mara nyingi wanakuta bakteria wao wa asili tayari wako kwenye udongo wetu, lakini soya imetoka mbali, ni zao la Asia ya Mashariki, na bakteria wake maalum, rizobia wanaoitwa Bradyrhizobium, mara nyingi hapa kwetu ni wachache au hawapo kabisa. Chuo Kikuu cha Makerere wamekuwa wakitengeneza hao bakteria kwa ajili ya wakulima, na walewale Makerere ndo waliotupa mbegu za soya za Maksoy. Kwa hivo ukiona haikufanya kazi, tuulize ilikufia wapi.

Tafadhali shika hili moja, kilichomo kwenye paketi ni kiumbe hai. Ule unga mweusi ni makazi tu. Paketi ikikaa dirishani dukani jua linapiga, au ikafungwa nyuma ya boda kutoka mjini mchana wote, unachonunua ni unga mweusi basi. Kwa hivo angalia tarehe ya mwisho, muulize muuzaji anaiweka wapi, na ukiona iko juu kabisa ya rafu chini ya bati la moto, nenda duka lingine. Nyumbani iweke mahali penye baridi na kivuli, pembeni ya mtungi wa maji ya kunywa panafaa kama huna friji.

Siku ya kupanda, lowanisha mbegu kidogo na maji ya sukari ili unga ushike, changanya taratibu mpaka kila mbegu ipate rangi, anika kivulini dakika chache tu, panda siku hiyohiyo kwenye udongo wenye unyevu na ufukie haraka. Usipande kwenye udongo mkavu eti mvua itakuja kesho. Kama mbegu ilipakwa dawa ya fangasi, zile za rangi ya pinki au kijani, dawa nyingi za hivo zinaua na bakteria wako. Na mbolea ya DAP isigusane na mbegu iliyopakwa bakteria, iweke chini au pembeni, tia udongo katikati. Urea ya kumwaga usiweke kabisa, mmea ukipata nitrojeni ya bure hauhangaiki kutengeneza vinundu, vile vivimbe vya kwenye mizizi wanamokaa bakteria.

Vinundu ndo ushahidi wako mama, sio macho ya jirani. Soya ikianza kutoa maua chimba mimea michache kwa jembe, usiivute kwa mkono vinundu vitabaki ardhini, osha mizizi, alafu pasua vinundu kwa kucha. Ndani ikiwa nyekundu au pinki, bakteria wanafanya kazi. Ikiwa nyeupe, kijani au kahawia, hawafanyi, au wamechoka. Ule wekundu ni protini inayofanana sana na ile ya damu yetu, inabeba oksijeni kwa bakteria na ina chuma ndani yake. Hata mtambo wenyewe wa kukamata nitrojeni hewani umejengwa kwa chuma na molibdenamu. Ndo maana soya ikikosa chuma inakosa na nitrojeni, hivi vitu viwili huwezi kuvitenganisha. Na fosforasi ikiwa haba vinundu vinakuwa vidogo na vichache hata kama paketi ilikuwa nzima. Udongo wetu mwekundu unaishika fosforasi sana, chuma hichohicho ndo kinaishika, kwa hivo mbolea ya fosforasi ya TSP kidogo kwenye mstari au samadi ya kuku inaweza kuwa ndo kitu ulichokosa.

Kuhusu mahindi, hapana. Bakteria wa soya hawajengi vinundu kwenye mahindi. Mahindi wana wao, wanaitwa Azospirillum, wanauzwa kwenye paketi yao peke yao. Iliyobaki wazi toka msimu uliopita usiitumie hata kwenye soya.

MZEE WA MIGOMBA, KAYUNGA: Nyinyi mnasema bakteria, bakteria. Bakteria ndo waliomaliza matooke yangu. Kiwotoka, ule ugonjwa wa kunyausha migomba, ilikuja hapa tukang'oa karibu shamba zima. Leo mnataka nitie bakteria shambani kwa mkono wangu?

JIBU: Mzee wangu, pole sana, na uchungu wako ninauelewa, kiwotoka ilitambuliwa hapa Uganda mwaka 2001 huko kwenu upande wa Mukono na Kayunga ndo ilipoanzia, nyinyi mlipigwa kabla ya wote. Ni kweli ule ni bakteria, jina lake Xanthomonas. Lakini yule anaishi ndani ya mgomba, anaziba mishipa ya maji, anasafiri kwa panga lisilosafishwa na kwa wadudu wanaotembelea ua la dume. Hawa tunaozungumzia wanaishi nje, kwenye ngozi ya mizizi, na hawawezi kugeuka kuwa kiwotoka, hawana uhusiano wa hivo. Wao pia hawaponyi kiwotoka, akija mtu kukuuzia chupa kwa ahadi hiyo mfukuze. Kiwotoka tunaizuia kwa yaleyale, kukata ua la dume kwa kijiti chenye panda, kuchoma panga kwenye moto au kuliosha kwa JIK kila unapohama shina, na kuondoa shina linaloumwa mapema.

Ila kuna ugonjwa mwingine wa migomba ambapo hiki chuma kinahusika, nao ni mnyauko wa fusari. Huo ni wa fangasi, unaua ndizi za aina ya sukali ndizi na kayinja, matooke yetu yenyewe yanauvumilia. Fangasi huyo anakaa kwenye udongo na anahitaji chuma ili aote aufikie mzizi. Mwaka 1980 watafiti wa Chuo Kikuu cha California kule Berkeley walieleza jambo zuri sana, walipaka bakteria wa Pseudomonas kwenye mbegu za viazi vya Ulaya, mimea ikakua vizuri zaidi, na walipofuatilia wakaona siderofo za hao bakteria zinakusanya chuma cha pale kwenye mzizi, vijidudu vibaya vinabaki na njaa. Walionyesha pia kwamba hii ni sababu moja ya udongo fulani kujizuia wenyewe usipate fusari hata kama fangasi yumo. Sisemi ununue paketi utibu sukali ndizi iliyokwisha kunyauka, hiyo imeenda. Nasema udongo wenye uhai mwingi, wenye matandazo na samadi, unampa fangasi maisha magumu kabla hajafika.

MKULIMA WA MPUNGA, BUTALEJA: Mpunga wangu bondeni una madoa madogo ya kahawia kwenye majani ya chini yanaanzia ncha, sasa majani yamekuwa rangi ya shaba. Maji ya mfereji yana utando ka mafuta na matope ya rangi ya chungwa. Niweke bakteria wa chuma?

JIBU: Hapana kaka, usiweke chochote cha chuma! Kwa dalili hizo wewe chuma kimekuzidi. Shamba likikaa na maji muda mrefu oksijeni inakwisha chini, na kuna bakteria, kama hao wanaoitwa Geobacter, ambao oksijeni ikikosekana wanapumua kwa kutumia kutu, wanaigeuza iwe chuma kinachoyeyuka na mpunga unakunywa kupita kiasi. Utando ule uguse na kijiti. Ukivunjika vipande vipande ka ganda jembamba, huo unatokana na chuma na bakteria wake. Ukijikusanya tena ukaungana, hayo ni mafuta kweli, tafuta pampu ya nani inavuja. Ng'oa na shina moja uangalie mizizi, ikiwa imevaa ganda la kahawia nzito ni chuma.

Toa maji shambani siku kadhaa mpaka udongo uanze kupasuka kidogo juu, hewa iingie, kisha rudisha. Chunguza pia maji yanayokuja kutoka mlimani pembeni, mara nyingi ndo yanaleta chuma, chimba mfereji wa kuyakata kabla hayajaingia. Na mpunga wenye njaa ya potasiamu unaumia zaidi, kwa hivo mabua usiyachome wala usiyauze yote, rudisha shambani yaoze mapema kabla ya kupanda, yasiozee ndani ya maji mpunga ukiwa umesimama.

MAMA, MBALE: Mtoto wangu alipimwa kliniki wakasema damu ni kidogo. Nikisikia maharagwe ya bakteria yana chuma nataka kujua, nikiyapanda nitamsaidia?

JIBU: Mama, kwanza dawa ya kliniki mpe kama walivyoelekeza, usiache ukingoje maharagwe. Hili jambo ni kubwa nchini kwetu, uchunguzi wa afya wa taifa wa mwaka 2016 ulikuta asilimia 53 ya watoto wa miezi 6 mpaka miaka 5 wana upungufu wa damu, na wanawake asilimia 32. Chuma sio sababu pekee, malaria na minyoo wanachangia sana, kwa hivo neti na dawa ya minyoo ni sehemu ya matibabu hayohayo.

Kuhusu maharagwe, bakteria wazuri wanaweza kuongeza mavuno na chuma kidogo kwenye mmea, lakini kiasi cha chuma kinachofika kwenye punje kinaamuliwa zaidi na mbegu yenyewe. Hapo NARO, shirika la taifa la utafiti wa kilimo, wametusaidia, mwaka 2016 walitoa mbegu za NAROBEAN ambazo zilichaguliwa kwa sababu ya chuma na zinki, za kichaka na za kupanda juu ya miti zipo. Maharagwe ya kawaida yana kama miligramu 50 za chuma kwa kilo, na lengo la wazalishaji wa mbegu hizi za chuma lilikuwa kufika 94. Rwanda walijaribu na wasichana wa chuo kikuu huko Huye, waliokula maharagwe ya chuma kwa miezi minne na kidogo damu yao ikawa bora kuliko waliokula ya kawaida. Kwa hivo tafuta hiyo mbegu kwanza, na ukipanda kwenye udongo wenye mboji bakteria watakufanyia sehemu yao bila malipo.

Kitu kingine hakigharimu hata shilingi. Chai usimpe mtoto pamoja na chakula, chai inafunga chuma cha maharagwe tumboni kisiingie mwilini, ingoje saa moja au mbili. Mpe embe, chungwa au papai na maharagwe, vitamini C inasaidia chuma kupita. Na mukene kidogo juu yake, samaki ana chuma kinachoingia kirahisi na anasaidia kile cha maharagwe kiingie pia. Loweka maharagwe usiku kucha, mwaga hayo maji, pika na mengine.

KIKUNDI CHA NJUGU, ARUA: Wazee wetu walikuwa wanachanganya njugu na mahindi au mtama shamba moja, mradi mmoja ukatuambia tupande kila zao peke yake. Nani yuko sawa?

JIBU: Kwa chuma, wazee. Kaskazini mwa China kwenye udongo wa chokaa njugu zilizopandwa peke yake zinakuwa manjano, zikipandwa karibu na mahindi zinakuwa kijani, na walipochunguza wakakuta zile molekuli mahindi yanazotoa kunasa chuma zinawafaidi na njugu jirani. Kama udongo wenu ni mchachu hamtaona tofauti kubwa ya rangi, ila kuchanganya kuna faida zake nyingine nyingi. Angalieni tu mahindi yasizibe jua, mistari miwili ya mahindi, kadhaa ya njugu.

KIJANA WA KAWEMPE: Bro, nalima sukuma wiki kwenye magunia na kavera hapa kwa nyumba. Nimeona video mtu anachukua udongo wa msituni, sukari, maji, anafunga kwa jerikeni wiki mbili eti anapata bakteria wazuri wa bure. Nifanye? Na sukuma yangu majani ya juu yana manjano, namwagilia maji ya kuoshea vyombo.

JIBU: Usifanye. Sukari haichagui, inalisha yeyote anayekua haraka, na kwenye jerikeni hiyo huwezi kujua nani ameshinda kwa kunusa. Kwenye ukoo huohuo wa Pseudomonas kuna mmoja anaitwa aeruginosa anayeingia kwenye vidonda vya watu na ni msumbufu sana kutibu hospitali. Sukuma wiki ni mboga ya majani, unaimwagilia alafu unaila. Maabara wanapotengeneza bakteria wanaanza na aina moja wanayoijua na wanahakikisha hakuna mwingine humo, hiyo jikoni haiwezekani.

Hayo manjano nadhani ni maji ya vyombo. Sabuni nyingi na jivu la kusugulia sufuria ni alkali, na gunia ni dogo, pH inapanda haraka kuliko shambani, ni shida ileile ya kaka wa Luweero. Mwagilia maji ya mvua au ya bomba, toboa matundu zaidi chini maji yapite, na mwagilia kwa wingi mara chache ili zile chumvi zitoke.

Ukitaka bakteria, tengeneza mboji, na Kawempe malighafi huwezi kukosa, maganda ya matooke yapo kila mlango. Changanya maganda, samadi ya kuku, majani makavu na udongo kidogo, weka unyevu, ukikamua ngumi yatoke matone mawili matatu basi. Chomeka kijiti katikati, baada ya siku chache kitoe, kikiwa cha moto kazi inaendelea, kikipoa geuza rundo. Miezi mitatu hivi itakuwa nyeusi, inanukia udongo wa mvua, na huwezi kutambua tena ganda la ndizi ni lipi. Sehemu moja ya hiyo kwa sehemu mbili za udongo, jaza gunia jipya, hamishia miche yako jioni.